Kitambi chapandishwa mlima Karatu

KAMA wewe ni kijana wa mjini, unaishi Sinza, Ilala au Kaloleni kule Arusha, na asubuhi ukijitazama kwenye kioo unajiona bado bomba, hongera zako. Ila usifunge gazeti. Kitambi hakipigi hodi wala hakiji na tarumbeta. Kinaingia taratibu kama mpangaji asiyelipa kodi: leo tundu moja la mkanda, mwakani tundu la pili, ukija kushtuka una miaka 42, ukiinama kufunga kamba za viatu unahema kama umetoka kushusha magunia.

Zamani kitambi kilikuwa cheo, tusidanganyane. Mwenye kitambi akiingia baa alivutiwa kiti kabla hajasema anakunywa nini. Harusini alikaa meza ya mbele. Mwembamba alionekana hana kitu au anaumwa. Mpaka leo ukikonda kidogo tu, mtaani wanaanza kukutazama kwa huruma na kunong'onezana. Tatizo ni kwamba kitambi siku hizi kinatembea na wenzake wawili, presha na sukari, na hao hawana utani na mtu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu mtu 1 kati ya 4 amezidi uzito, na wenye presha ya juu walikuwa karibu robo vilevile. Hesabu hapo ulipokaa kwenye daladala: wewe, jirani, konda, dereva. Mmoja wenu anahusika.

Sasa utauliza, kitambi na Karatu wapi na wapi? Subiri.

Karatu unaifikia kwa basi kutoka Arusha, mwendo wa saa mbili na nusu au tatu kwa lami nzuri. Unapita Makuyuni, unakata kulia, unafika Mto wa Mbu penye ndizi nyekundu, halafu gari linaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Huku nyuma Ziwa Manyara linabaki chini kama sinia la maji, mibuyu imesimama kwenye miamba, masikio yanaziba. Ukifika juu hewa inabadilika ghafla. Udongo ni mwekundu, mashamba ya ngano na mahindi yamepanda na kushuka kama mawimbi, na ukiwa umevaa fulana ya Dar utatafuta sweta mwenyewe. Mji uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kingo za kreta ya Ngorongoro, mbele kidogo, ziko juu zaidi, kama mita 2,300.

Mji wenyewe ni barabara moja kubwa na pilikapilika zake: gereji, hoteli, maduka ya simu, mabucha, na magari ya watalii yenye paa la kufunguka yakijaza mafuta kabla ya kuelekea geti la Lodoare. Kila anayekwenda kreta au Serengeti kwa njia hii anapita hapa. Na kila gari lina dereva. Huyo dereva ndiye aliyenileta.

Watalii tunawapiga picha, simba tunawapiga picha, dereva nani anamtazama? Kazi yake ni kukaa. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakaa kwenye usukani mpaka jioni, jioni anakaa tena kula. Mchana anapewa boksi la chakula lile lile la mgeni: paja la kuku, yai, mkate, keki, chokoleti, juisi ya pakiti. Akifika loji usiku anakuta vyakula vimepangwa mezani, jipakulie mwenyewe, hakuna wa kukuzuia. Fanya hivyo miaka ishirini uone.

Dereva niliyekuwa naye ana miaka 47, watoto watatu, mzaliwa wa Karatu hapa hapa. Jina tuliache. Miaka miwili iliyopita alikuwa na kilo 104. Kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi ikapeleka madereva wote kupimwa, yeye akakutwa na presha iliyomtisha hata daktari, na sukari ikiwa mlangoni. Wakamwambia apumzike mpaka itulie. Miezi mitatu bila safari. Ukikosa safari unakosa posho, unakosa bakshishi, na mtoto wa kwanza alikuwa ndio anaingia kidato cha tatu.

"Kaka, mimi sikuogopa kufa," aliniambia tukiwa tumeegesha pembeni. "Niliogopa kukaa nyumbani nikiwa mzima, mke wangu anatoka kwenda kuuza mbogamboga. Hicho ndicho kilichoniamsha."

Leo ana kilo 91. Bado anameza kidonge kimoja cha presha kila siku, na kila mwaka lazima apimwe kabla ya msimu. Safari hii kipimo kiko wiki tatu mbele. Ukimtazama anavyotaja hizo wiki tatu, unajua mambo ya uzito si ya kutafuta kiuno cha kuvalia jinzi.

Tulishuka kreta asubuhi. Kwa wale ambao hawajafika: ni shimo la kina cha kama mita 600, sakafu yake ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 260, na ndani humo kuna nyumbu, pundamilia, nyati, simba, tembo wazee wenye pembe ndefu, na faru weusi wachache wanaolindwa kuliko mawaziri. Twiga hakuna. Unaambiwa kuta ni kali mno kwa miguu yao. Sasa chekesho ni hili: wanyama wote wanatembea, binadamu wote wamekaa. Sheria inakataza kushuka kwenye gari isipokuwa sehemu maalumu, na hiyo ni sahihi kabisa, sitaki kusikia mtu amekwenda kupiga jaramba mbele ya simba kwa sababu ya gazeti hili. Lakini saa saba mchana nilikuwa nimekaa saa sita, mgongo umekuwa ubao, na nilichofanya ni kufungua macho tu.

Kituo cha kulia chakula ni Ngoitokitok, penye bwawa la viboko. Mwenyeji akakuonye mapema kuhusu mwewe. Hawa ndege wamesomea. Mgeni mmoja, pande la mtu, alishuka garini akiwa ameshika paja la kuku hewani kama mwenge wa uhuru. Hakuuma hata mara moja. Ndege alitoka juu, fyuu, paja limekwenda, mkono umebaki na alama. Dereva wangu akasema, "Huyo ndiye daktari wa lishe wa hapa kreta, na hatozi hela." Yeye mwenyewe alikula yai, ndizi na mkate nusu. Keki na juisi alimpa kijana mmoja wa gari jingine. Kisha badala ya kurudi kukaa, akachuchumaa kwenye kivuli cha gari, visigino chini, tukapiga stori robo saa. Nikamuuliza mbona kiti kipo. Akacheka. "Nimejifunza kwa Wahadzabe."

Hapo ndipo Karatu inapokuwa darasa, msomaji wangu.

Wahadzabe wako upande wa Ziwa Eyasi. Ukitoka Karatu unashuka kuelekea Mang'ola, kule kwenye vitunguu, barabara ya vumbi inayokuchambua mifupa. Ni watu wachache, zaidi kidogo ya elfu moja, na baadhi yao mpaka leo wanaishi kwa kuwinda kwa upinde, kuchimba mizizi, kuchuma matunda, ubuyu na kurina asali. Asali wanaipenda kuliko sisi tunavyopenda soda. Kwa sababu ya maisha hayo wanasayansi wamekuwa wakipishana kule kwa miaka mingi.

Mwaka 2012 kundi la watafiti likiongozwa na Mmarekani Herman Pontzer lilichapisha matokeo yaliyowakuna watu vichwa. Waliwapa Wahadzabe 30 maji maalumu ya kunywa, yenye chembechembe nzito zinazoweza kufuatiliwa kwenye mkojo, na kwa njia hiyo wakapima mwili unaunguza nguvu kiasi gani kwa siku. Mwanaume wa Kihadzabe alikuwa anatembea kama kilomita 11 kila siku, mwanamke kama kilomita 6, na huyo mwanamke akifika huko anachimba mizizi kwenye ardhi ngumu. Kila mtu alitegemea wawe wanaunguza nguvu maradufu kuliko karani wa Marekani anayeshinda kitini. Wapi! Ukilinganisha watu wenye miili ya ukubwa mmoja, walikuwa karibu sawa.

Soma tena hapo, kwa sababu wengi tunapigwa changa la macho kwenye jambo hili. Mwili unafanya kama mama mwenye bajeti ya nyumba. Ukitumia zaidi kwenye miguu, anabana kwingine, mwisho wa siku jumla haibadiliki sana. Maana yake, yule jamaa yako anayekimbia jogingi Jumamosi asubuhi toka Mwenge mpaka Kawe, halafu saa nne anajipongeza kwa supu, chapati tatu na bia mbili "kwa sababu nimeunguza", anajidanganya. Kitambi kimeingilia mdomoni, kitatokea hapo hapo.

Na kuna jingine. Mwaka 2021 Pontzer na wenzake wengi walichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, vichanga hadi wazee wa miaka 95. Wakaona kwamba ukiondoa tofauti za ukubwa wa mwili, kasi ya mwili kuunguza nguvu haibadiliki kutoka miaka 20 mpaka 60. Inaanza kushuka baada ya 60. Sasa yale maneno ya baani, "Aa, nikishafika 40 mwili umelala, hata nikila hewa nanenepa", tuyaweke wapi? Kilicholala si mwili. Katika 40 umepata gari, umepata kiti chenye magurudumu ofisini, umepata hela ya nyama choma mara nne kwa wiki, na kiwanja cha mpira ulichokuwa unachezea kimejengwa fremu za maduka. Misuli nayo isipotumika inapungua mwaka hadi mwaka. Hilo ni kweli, na hilo linatibika.

Lakini msije mkasema mwandishi kasema mazoezi hayana maana. Wahadzabe wamepimwa presha pia, na presha ya juu kwao ni nadra, hata kwa watu wazima. Miguu yao ndiyo inayofanya moyo uwe vile. Kupungua kilo ni habari ya sahani, kulinda moyo na sukari ni habari ya miguu, na mwenye miaka 47 anazihitaji zote mbili. Mwaka 2020 ukatoka utafiti mwingine juu yao: hata wao wanapumzika, tena karibu saa 10 kwa siku, sawa na sisi. Tofauti ni namna. Sehemu ya mapumziko yao ni kuchuchumaa au kupiga magoti, misuli ikiendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Dereva wangu alilisikia hilo kwa wageni aliowapeleka Eyasi, akalichukua.

Nidokeze kidogo pembeni. Wahadzabe si maonyesho ya sabasaba. Ardhi wanayowinda imekuwa ikimegwa na mashamba na mifugo, na wengi wao leo unga wa mahindi umo chunguni. Ukienda, nenda na mwongozaji wa kule kule, ulipe unachotakiwa kulipa, na usipeleke pipi. Siri ya asali yao ni kwamba nyuki hawauzi dukani: unaitembelea, unaipandia mbuyu, unaumwa, ndipo unaila.

Wapo watakaosema watu wa Karatu wana bahati, wamezaliwa wembamba na mapafu ya milimani. Ni kweli Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953, na Februari 2, 1974 kule Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiwa mbele tangu mlio wa bastola, rekodi ya dunia iliyodumu mpaka Sebastian Coe alipoivunja mwaka 1979. Ni kweli jirani hapo Mbulu ndiko kwao John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na bandeji gotini wakati wengine wameshapewa medali. Lakini dereva wangu naye kazaliwa hapa hapa, na mwinuko haukumkinga na kilo 104. Tembea mjini jioni uone: bodaboda zimejaa, mtu anapanda pikipiki kwenda mita mia tano. Baba yake alikuwa anapanda kilima kile mara mbili kwa siku nyuma ya ng'ombe. Damu ni ile ile, kilichobadilika ni usafiri.

Sasa yeye anafanyaje? Nilimfuata siku ya pili alfajiri ili nione kwa macho. Saa kumi na mbili kasoro tuko barabarani, ukungu umetanda hadi huoni nguzo ya pili, tunapanda njia ya mashamba ya kahawa kuelekea msitu. Hakimbii. Anatembea haraka, kasi ya kuweza kuongea lakini si ya kuweza kuimba. Wakati mimi nilikuwa siwezi vyote viwili, mtu wa pwani mwinuko huu unanitafuta. Dakika 40 kwenda na kurudi, siku tano kwa wiki akiwa mjini. Hiyo ni zaidi ya dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima azipate kila wiki. Mara mbili kwa wiki anabeba ndoo mbili za maji kutoka bombani mpaka jikoni, mizunguko sita. Jimu anaijua kwa kuisikia redioni.

Chakula ndicho kilichompa taabu. Alianza na vile vya kunywa: soda na juisi akaacha, chai akabakiza kijiko kimoja cha sukari. Bia kutoka nne mpaka moja, Jumamosi tu. Chipsi mayai akaihama moja kwa moja, kwa maneno yake, "ile zege ingenizika." Jioni anakula makande au ngwara. Kama huijui ngwara, ni jamii ya maharage, meusi, yanayolimwa sana huku, na sahani moja inakushikilia mpaka asubuhi. Mama mmoja wa mgahawa karibu na stendi ndiye mhasibu wake.

"Mwanangu huyu," mama aliniambia akipakua, "zamani alikuwa ananiambia mama ongeza ugali. Sasa ananiambia mama ongeza mchicha. Nilidhani kafilisika."

Usifikirie mambo yamenyooka. Kilo zake za kwanza sita zilishuka ndani ya miezi minne. Kisha ikaja masika, Aprili na Mei, watalii hakuna, magari yameegeshwa, madereva wote wako kijiweni wanasubiri simu. Kilo nne zikarudi. Kwake adui ni kijiwe kuliko hata boksi la chakula, na mwaka huu wakati wa masika alikwenda kulima mbaazi za shemeji yake makusudi ili asikae na wenzake. Wenzake wanamcheka. Mmoja wao, mwenye kitambi kumshinda, alininong'oneza akitaka kujua anakunywa dawa gani ya Kichina. Hakuna dawa, na hizo chai za kupunguza mwili zinazouzwa mitandaoni nyingi zinakupeleka chooni tu, unapoteza maji, mafuta yako yamekaa pale pale.

Madaktari wanasema mtu aliyezidi uzito akipunguza asilimia 5 hadi 10 tu, presha na sukari zinaonekana kushuka. Kwa mtu wa kilo 104 ni kilo 5 hadi 10. Si lazima urudi kiuno cha sekondari. Mwenye haraka ya kujua hali yake achukue futi ya fundi cherehani, apime usawa wa kitovu: mwanaume ukivuka sentimita 94, mwanamke ukivuka 80, kapime damu na presha. Na kama tayari unameza vidonge, usiviache eti kwa sababu umepungua. Dereva wangu kidonge chake ataondolewa na aliyempa.

Ukitaka kuja kutembeza chako, huku miguu inaruhusiwa sehemu nyingi, ila ndani ya hifadhi lazima ulipe kiingilio na uwe na askari mwenye bunduki, maana nyati hajui kwamba uko kwenye dayati. Rahisi ni njia ya msituni ya Endoro, karibu kabisa na mashamba ya kahawa ya Karatu: unapanda hadi kwenye maporomoko na mapango ambayo tembo wameyachimba kwa pembe wakitafuta udongo wa chumvichumvi. Ngumu ni Empakaai, kreta ndogo yenye ziwa na heroe. Kushuka unaimba, kupanda ndiko kunakokuumbua. Mwenye miaka 40 na presha asianzie hapo.

Halafu kama una nafasi pita makumbusho ya Olduvai, yaliyofunguliwa upya mwaka 2017, uone nakala ya nyayo za Laetoli. Mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilizikuta kwenye jivu la volkano lililoganda, watu wa kale wanatembea kwa miguu miwili, miaka milioni 3.66 iliyopita, mstari wa mita kama 27. Mmoja kakanyaga ndani ya nyayo za mwenzake. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama kwa simba.

Mabasi ya kurudi Arusha yanaanza asubuhi mapema. Beba sweta, raba zenye meno, chupa ya maji, na Juni na Julai ongeza kofia ya sufi. Dereva wangu anapimwa wiki ya tatu kuanzia leo. Nilipopanda basi alikuwa dirishani akinionyesha mkanda wake: tundu la nne, alilolitoboa mwenyewe kwa msumari.